Uzamili wa Uhandisi Mitambo: Masharti Yake, na Kazi Inayoungoja Kilimanjaro

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu siku hizo mji huu ulioko chini ya mlima wenye kimo cha mita 5,895 haukupata kuishi bila ya mitambo. Baada ya garimoshi vilikuja viwanda vya kukoboa na kuchambua kahawa ya wakulima, ambao mwaka 1933 waliungana katika ushirika wa KNCU; kusini ya mji, Arusha Chini, mashamba ya miwa yaliyoanzishwa na Wadenmaki katika miaka ya 1930 yakazaa kiwanda cha sukari cha TPC; mwaka 1968 maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, yaliyozuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaanza kuzungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 8; na katika miaka ya 1980 wilaya ya Hai ikapata, kwa msaada wa Wabulgaria, kiwanda cha kutengeneza mashine za kukerezea na kuchongea vyuma, yaani mashine zinazozaa mashine nyingine, kijulikanacho hata leo kwa jina la Kilimanjaro Machine Tools. Msafiri atokaye Himo kwenda Bomang'ombe hupita, ajue asijue, katikati ya kazi ya wahandisi iliyotimiza zaidi ya karne moja.

Wengi wa wahandisi hao walikuwa wageni, na sehemu kubwa ya maarifa waliyokuja nayo iliondoka pamoja nao. Vyuo vikuu vilivyoko Moshi vina sifa zake njema na za haki: kimoja ni maarufu kwa elimu ya ushirika, kingine kwa udaktari pale katika hospitali ya KCMC, na Mwenge kwa ualimu, lakini kijana wa Kibosho, Rombo au Old Moshi atakaye kufika daraja ya uzamili katika uhandisi wa mitambo hana budi kufunga safari na kuitafuta elimu hiyo mbali na kwao. Kabla hajaondoka, ni haki yake, na haki ya wazazi wake watakaouza kahawa au ng'ombe kwa ajili yake, kuelezwa kwa lugha nyepesi masharti ya shahada hiyo ni yapi, na kila sharti limewekwa kwa hekima gani. Masharti hayo yakitazamwa katika karatasi ni mengi, lakini kwa yakini yote hurejea katika sharti moja lililo kubwa kuliko mengine: mwanafunzi aweze kuuliza juu ya mtambo swali lisilopata kujibiwa, alijibu kwa vipimo, na asimame mbele ya wajuzi kulitetea jibu lake.

Njia ya kuufikia mlango

Safari hii huanza mapema kuliko watu wengi wadhanivyo. Mtoto anayeikimbia hisabati katika kidato cha pili hujifungia, pasipo kujua, mlango ambao angeuhitaji miaka kumi baadaye, kwa kuwa shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo imesimama juu ya fizikia na hisabati, na kemia ni jirani yao wa karibu. Njia iliyo maarufu ni ile ya kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Njia ya pili, ambayo wenyeji wa Moshi wanaifahamu vyema kwa sababu ya shule yao ya ufundi, ni ile inayotanguliza mikono: sekondari ya ufundi, kisha stashahada katika chuo kama vile Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanzishwa mwaka 1978, kisha shahada. Wa njia ya kwanza aghalabu huja na wepesi wa kukokotoa. Wa njia ya pili huja na uzoefu wa chuma, anajua kwa mkono na sikio lini mashine inafanya kazi kwa raha na lini inalalamika. Daraja ya uzamili huwataka wote wawili wakamilishane, kila mmoja akijifunza kile alichokikosa katika njia yake.

Njia zote mbili hukutana katika shahada ya kwanza, ambayo katika Tanzania huchukua miaka 4 na ambayo ndani yake mna vipindi vya mafunzo viwandani. Jambo hili, ambalo vijana wa leo huliona la kawaida, halikuwa hivyo kwa baba zao. Katika zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, Mtanzania aliyetaka uhandisi alipelekwa Nairobi. Chuo hicho kilipogawanyika mwaka 1970, Tanzania ilibaki na chuo kikuu chake Dar es Salaam kisicho na uhandisi, mpaka mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa chuoni hapo kwa msaada mkubwa wa Wajerumani. Kitivo hicho ndicho kilichokuja kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, na wahandisi wengi wazalendo waliovishika viwanda vya kaskazini baada ya wageni kuondoka wametokana nacho.

Wanaokubaliwa, na kwa vipi

Sharti la kwanza la kuingia uzamili ni hiyo shahada ya kwanza, katika uhandisi mitambo au fani iliyo karibu nayo kama uhandisi viwanda, uhandisi kilimo au uhandisi wa nishati. Lakini kuwa na shahada peke yake hakutoshi. Huulizwa pia ilipatikana kwa daraja gani. Vyuo vikuu vyetu hupima wastani wa mwanafunzi kwa kipimo chenye upeo wa 5.0: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 mpaka 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 mpaka 2.6 ni pasi. Kwa kawaida mlango wa uzamili hufunguliwa kwa mwenye daraja la pili na kuendelea, na pale wanapoomba watu wengi kuliko nafasi zilizopo, walio juu hutangulizwa. Mwenye pasi asikate tamaa, kwani vyuo vingine huweza kumfikiria baada ya miaka ya kazi yenye ushahidi au baada ya stashahada ya uzamili. Lakini na ajue kwamba njia yake itakuwa ndefu zaidi, na asimwamini yeyote amwahidiye njia ya mkato.

Aliyesoma shahada yake ya kwanza nje ya nchi ana wajibu mmoja wa ziada, nao ni kuipeleka kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, ili itambuliwe rasmi kabla haijatumiwa kuombea nafasi. Pamoja na shahada, mwombaji hutakiwa kuleta nakala za matokeo yake yote, barua za watu wa kumshuhudia kitaaluma, na mara nyingi andiko fupi linaloeleza jambo analotaka kulichunguza. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo vijana hulidharau, ilhali ndilo lenye uzito kwa msomaji mwenye busara. Alama husema mwombaji aliwahi kujibu vipi maswali ya watu wengine. Andiko husema kama ana swali lake mwenyewe. Na barua ya ushuhuda ifaayo haitoki kwa mkubwa mwenye cheo asiyemjua mwombaji, bali kwa mwalimu aliyesimamia mradi wake wa mwaka wa mwisho, au kwa mhandisi wa kiwandani aliyemwona akifungua mtambo, akatafuta kosa, akalipata.

Saa 1,800 za kazi

Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, shahada ya kwanza imewekwa katika ngazi ya 8, uzamili katika ngazi ya 9, na uzamivu katika ngazi ya 10. Kazi ya uzamili huhesabiwa kwa krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujishughulisha na elimu, iwe darasani, maabarani, karakanani, maktabani au usiku mezani kwake. Kwa hesabu hiyo, shahada nzima ni saa 1,800. Anayefanya kazi saa 40 kila juma angezimaliza katika majuma 45 yasiyo na pumziko. Lakini mitambo ya majaribio huharibika, vipuri huchelewa bandarini, mvua za masika hufunga barabara za mlimani, na msimu wa kahawa haumngoji mtu, ndiyo maana muda wa kawaida ni baina ya miezi 18 na miaka 2 kwa anayesoma wakati wote, na zaidi ya hapo kwa anayesoma huku akiwa kazini.

Kijana atakayeomba nafasi ng'ambo atakutana na hesabu za namna nyingine, na hana haja ya kuhangaika nazo akiujua msingi wake. Uingereza huhesabu 180 kama sisi, na kwa saa 10 zile zile, ila huzikusanya ndani ya mwaka mmoja wa kazi isiyo na likizo ndefu. Nchi za Ulaya zilizoafikiana Bologna mwaka 1999 huhesabu 90 mpaka 120, lakini kila moja ya hizo ina saa 25 mpaka 30. Marekani huhesabu kama 30 hivi, kwa kuwa wao hutazama saa za darasani kwa juma katika muhula mzima. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba shahada ya 30 ni nyepesi kuliko ya 180, wala kwamba ya 180 imeipita ya 120. Mizani ni mbalimbali, mzigo unakaribiana.

Saa hizo hupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyo ya wengi, ni masomo ya darasani yakifuatiwa na tasnifu; ya pili ni tasnifu peke yake, ambayo humfaa mtu aliyekwisha kukomaa katika fani na kuwa na swali lililo wazi na vyombo vya kulijibu. Katika njia zote mbili alama ya kufaulu huwa juu kuliko ile ya shahada ya kwanza, kwa sababu jamii haitazamii mtu wa daraja hii aielewe nusu ya kazi yake.

Yanayosomwa, na mlima unavyoyaeleza

Majina ya masomo ya uzamili humtisha asiyeyazoea, lakini mkazi wa Kilimanjaro anaishi katikati ya mifano yake. Tuanze na elimu ya joto na kazi. Mfaransa Sadi Carnot, katika kitabu chake cha mwaka 1824, alionyesha kwamba uwezo wa mtambo wa joto una kikomo, na kwamba kikomo hicho hutegemea nyuzi za pale joto linapoingia na za pale linapotoka. Kanuni hiyo hutenda kazi kila siku kule TPC: miwa husagwa, makapi yake huchomwa ili kuchemsha maji, mvuke wenye nguvu huzungusha mtambo wa umeme, na mvuke uo huo uliokwisha kupungua nguvu huenda kupika maji ya miwa yawe sukari; kiwanda hujiendesha kwa nguvu ya makapi yake, na ziada ya umeme huuzwa kwa shirika la umeme, TANESCO. Mhandisi wa shahada ya kwanza huweza kuuendesha mtambo huo kwa usalama na ustadi. Wa uzamili huuliza zaidi: ikiwa karibu nusu ya uzito wa makapi ni maji, na joto jingi hupotea katika moshi upandao dohani, je, moshi huo ungeweza kuyakausha makapi kabla hayajachomwa, na faida yake ingelipia gharama ya mashine katika misimu mingapi?

Somo la pili ni la mwendo wa maji na hewa. Wachaga walichimba mifongo, ile mifereji inayoyachukua maji ya mtoni na kuyapitisha kiunoni mwa mlima hadi vihambani, kabla wageni hawajafika na bila ya kitabu cha hisabati. Walijua kwa macho na kwa uzoefu mwinamo gani huyatembeza maji bila kuyafanya yale udongo. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alionyesha kwa jaribio la rangi ndani ya bomba la kioo jinsi maji yanavyotoka katika mwendo wa utulivu na kuingia katika mwendo wa vurugu, na tangu hapo mwanafunzi huweza kuyatabiri kwa hesabu yale ambayo wazee waliyapata kwa majaribio ya vizazi. Hesabu yenyewe ina manufaa ya hapa hapa: lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 20 zina nguvu ya karibu kilowati 20, kabla ya kutoa upotevu wa mtambo, nayo ni nguvu ya kuendesha mashine za kusaga na taa za kijiji. Si mbali na Moshi, kituo kikongwe cha umeme wa maji cha Kikuletwa, kilichonyamaza kwa miaka mingi, kimekabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha kiwe mahali pa mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu. Kijana mwenye swali juu ya mchanga unaokula mapanga ya mtambo, au juu ya mto unaopungua wakati wa kiangazi, ana uwanja wa kulijibia.

Somo la tatu ni la nguvu za maada. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, wamefua chuma kwa vizazi, na mkono wa mhunzi hutambua chuma kilichopata moto wa kutosha na kile kilichozidishiwa. Lakini kuna kuharibika ambako jicho halikuoni: metali iliyobebeshwa mzigo mdogo, mzigo usioweza kuivunja kwa siku moja, huvunjika ghafla ikiwa mzigo huo utarudiwa mara mamia ya maelfu. August Wöhler alilichunguza jambo hilo katika ekseli za magari ya reli ya Ujerumani katikati ya karne ya kumi na tisa, na kila springi ya basi ipandayo njia za mlimani ni ushahidi wa sheria aliyoigundua. Kiwanda cha kusubu na kukereza vyuma kama kile cha Hai, ambacho baada ya mwanzo wake wenye matumaini kilipitia miaka mirefu ya kudorora kabla ya Shirika la Taifa la Maendeleo kushughulika kukihuisha, huhitaji watu wenye elimu hii kuliko kinavyohitaji majengo mapya. Kwa maana kipuri kinachosubiwa nchini hakitaaminiwa na mwenye kiwanda mpaka awepo mtu wa kuthibitisha, kwa vipimo, kitadumu muda gani.

Yapo na mengine: usafiri wa joto na unyevu, mitetemo ya mashine, uongozaji wa mitambo, na usanifu. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa huwa na unyevu wa nusu ya uzito wake au zaidi, na sharti ishuke hadi asilimia 11 au 12 ndipo iweze kuhifadhiwa. Ikikaushwa upesi mno huharibika, ikikawia huota ukungu, na baina ya hatari hizo mbili pana nafasi ya tasnifu si moja bali kumi. Kimo chenyewe cha mlima ni maabara: katika Moshi, iliyo karibu mita 900 juu ya bahari, maji huchemka yapata nyuzi 97, na injini ivutayo hewa kwa nguvu yake yenyewe hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, hata gari linaposimama kwenye lango la Marangu limekwisha kupungukiwa na sehemu kumi nyingine juu ya zile lililozipoteza tangu Tanga.

Juu ya masomo haya yote hukaa hisabati ya juu, hesabu za kompyuta zinazoligawanya umbo la mashine katika vipande vidogo vidogo ili mkazo wa kila kipande ujulikane, takwimu, na mbinu za utafiti. Kompyuta ni msaidizi mwenye kasi ya ajabu, lakini hujibu kile alichoulizwa tu, na hujibu kwa ufasaha ule ule hata alipopewa namba za uongo. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuukagua kila mchoro wake mzuri kwa hesabu ya penseli na kwa jaribio la karakanani.

Tasnifu, iliyo moyo wa shahada

Mtu huweza kufaulu masomo yote yaliyotajwa na bado asipate shahada, maana moyo wa uzamili ni tasnifu. Hatua yake ya kwanza ni swali, na hapa ndipo wengi hukwama miezi mingi. Mwanafunzi akiandika kwamba anataka kuboresha ukaushaji wa kahawa katika Kilimanjaro, ametaja nia njema, hajauliza kitu. Akiuliza kwamba kikaushio cha jua chenye ukubwa fulani, kikiwekwa Machame katika msimu wa mavuno, kitaishusha kahawa kutoka unyevu wa asilimia 50 hadi 12 kwa saa ngapi kikilinganishwa na vichanja vya kawaida, na ladha yake itahukumiwaje na waonjaji wasioambiwa ipi ni ipi, hapo ameuliza swali lenye mipaka, linaloweza kupimwa, na ambalo jibu lake, liwe ndiyo au siyo, litamfaa mkulima.

Baada ya swali huja pendekezo la utafiti, ambalo husomwa na idara na kukubaliwa au kurudishwa. Huja msimamizi, ambaye si wa kumfanyia mwanafunzi kazi bali wa kumzuia asipotee. Huja barua ya chuo na idhini ya wenye kiwanda, kwa kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kufunga kipimo katika boila ya mwenziwe bila ruhusa. Kisha huja majaribio yenyewe. Katika majaribio mwanafunzi hujifunza unyofu ulio mgumu kuliko hesabu zote: kuandika matokeo yaliyompendeza na yaliyomvunja moyo, na kutaja kwa kila namba kiasi cha shaka kilichomo ndani yake. Tasnifu yenye vipimo visivyotajiwa shaka ni kama mizani isiyokaguliwa katika soko la Mbuyuni. Huenda ni ya kweli, lakini mnunuzi hana njia ya kujua.

Kazi ikiisha kuandikwa hupelekwa kwa watahini, na miongoni mwao mmoja wa nje ya chuo, asiye na urafiki wala uadui na mwanafunzi. Hukaguliwa kama maneno ni yake au yameibwa, na wizi wa maandishi huweza kuiangamiza kazi ya miaka miwili kwa siku moja. Kisha mwandishi huitwa mbele ya jopo aitetee kazi yake kwa mdomo: kwa nini alichagua kipimo hiki na si kile, kwa nini alirudia jaribio mara tatu na si mara moja, na nini kingekanusha jibu lake. Asiyejua jibu na akakiri kwa adabu kwamba hajui husamehewa. Anayeficha kutojua kwake kwa maneno makubwa hujulikana upesi. Mara nyingi jopo humpa masahihisho, na baada ya kuyatimiza ndipo jina lake hupelekwa katika mahafali.

Mahali, gharama na cheo

Kwa mtu wa Moshi, mahali pa karibu zaidi pa masomo ya juu ya sayansi na uhandisi ni Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru kando ya barabara ya Arusha na kuzinduliwa mwaka 2012, ambayo hufundisha uzamili na uzamivu, na ambamo elimu ya nishati na ya maada ina nafasi yake. Dar es Salaam kuna Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia iliyokwisha kutajwa, ambayo pamoja na fani za mitambo hutoa uzamili wa nishati jadidifu na wa usimamizi wa uhandisi. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Na kwa jirani zetu, Nairobi na Makerere ni vyuo vya uhandisi vyenye umri na heshima. Hata hivyo shauri lililo jema ni kutafuta kwanza mwalimu anayelishughulikia jambo ulipendalo, kisha ndipo utazame jina la chuo, kwa sababu tasnifu husimamiwa na mtu, haisimamiwi na jengo.

Gharama ni mzigo usiopaswa kufichwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwalenga kwanza wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo wa uzamili hutegemea zaidi mwajiri, miradi ya walimu wenye fedha za utafiti, na wafadhili wa nje kama vile DAAD ya Ujerumani. Mzazi atambue pia kwamba ada si gharama yote: vyombo vya kupimia, safari za kiwandani na vipuri vya jaribio navyo hudai fedha, na heri kuviweka katika hesabu kabla ya kuanza kuliko kuiacha tasnifu njiani.

Kadhalika ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: shahada na leseni. Anayewapa watu haki ya kufanya kazi kwa jina la mhandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997, na Bodi hiyo haimdai mtu uzamili. Inachodai ni shahada ya kwanza inayotambulika na mafunzo ya vitendo chini ya wahandisi wazoefu, na tangu mwaka 2003 ipo programu maalumu ya miaka 3 kwa ajili hiyo. Kwa hiyo kijana ambaye nia yake ni kusimamia mitambo, kutia sahihi michoro na kuongoza mafundi, atafanya vyema kutanguliza usajili. Uzamili ni wa yule anayetaka kusanifu kitu kipya, kufanya utafiti, au kufundisha; na kwa kufundisha, matangazo ya kazi ya vyuo vya umma aghalabu hudai wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika ya uzamili, ili mtu aanze katika daraja ya mhadhiri msaidizi. Anayeutaka ualimu wa chuo na azijue namba hizo tangu mwaka wake wa kwanza, si baada ya mahafali.

Sasa tuseme neno la mwisho kwa kila mwenye sehemu katika jambo hili. Enyi wenye viwanda, tangu Arusha Chini mpaka Hai, mfungulieni mwanafunzi mlango na mwacheni apime, kwani shida iliyowagharimu fedha kwa miaka huenda ikawa ndiyo tasnifu yake. Enyi walimu wa vyuo, waleteni wanafunzi wenu mlimani badala ya kuwapa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya viwanda vya nchi nyingine. Enyi wazazi, msimhimize mtoto aende uzamili kwa ajili ya kuongeza herufi mbele ya jina lake. Mwulizeni ana swali gani. Na wewe kijana wa Kilimanjaro, anza leo kuandika katika daftari yale uyaonayo katika mashine za kwenu ambayo hakuna aliyekueleza sababu yake, kwa maana mwenye wastani mzuri na asiye na swali atapata tabu katika uzamili, na mwenye swali la kweli, akijibidiisha kuyatimiza masharti mengine, atahitimu na nchi itafaidika naye.